Skeli zote ninazo, gredi ya 8 ninayo, lakini solo zangu za jazi hazisemi kitu

AltoYaDonholm
Jumapili, saa 4:12 usiku

Wadau wa muziki, hamjambo. Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Napiga saksafoni ya alto, huu ni mwaka wa saba. Mitihani nimefanya hadi gredi ya 8, na sasa niko chuo mwaka wa tatu, nasoma muziki. Skeli, yaani ngazi za noti, nazijua kwa kii zote 12: meja, maina za aina zote tatu, moodi, diminishi, kila kitu. Uniamshe saa nane usiku uniulize noti za E flati diminishi, nitakutajia kabla sijafungua macho.

Alhamisi iliyopita nikajipeleka usiku wa jamu (wapigaji hupanda jukwaani kwa zamu) huko Westlands, mahali sitapataja jina. Nilingoja foleni hadi saa tano. Jamaa wa piano akauliza tupige nini, nikasema Autumn Leaves kwa G maina, kwa vile kila mwanafunzi wa jazi huanza nayo. Melodi niliipiga vizuri, hata mama mmoja meza ya mbele akawa anatikisa kichwa. Kisha ikafika zamu ya solo.

Ndugu zangu. Nilimwaga kila kitu ninachojua. Skeli hii inapanda, ile inashuka, hapo katikati nikachomeka diminishi niliyoifanyia mazoezi mwezi mzima. Kufika raundi ya tatu mpiga ngoma anapiga kwa mkono mmoja, wa pili anatelezesha simu. Simu! Nikashuka jukwaani, mzee mmoja mpiga besi akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, kule juu ulikuwa unatafuta nini? Umepoteza funguo?" Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka. Ndani ya matatu ya kurudi Donholm sikucheka.

Sasa swali: niongeze nini? Mtandaoni naambiwa nianze skeli ya oltadi, wengine wanasema pentatoniki, wengine Giant Steps, ule wimbo mgumu wa John Coltrane. Nimeshaanza Giant Steps, nataka kuimaliza kwa kii zote 12 kabla ya Desemba. Hiyo ndiyo njia?

KodiZaNyumba
Jumapili, saa 4:31 usiku

Kodi ya nyumba inanishinda kila tarehe tano, na wewe unataka kulipa kodi za Coltrane kwa nyumba 12? Pole sana jo. Mimi nakaa hapa pembeni nisome.

DadaKinanda
Jumapili, saa 5:02 usiku

Karibu. Kabla sijasema chochote: una rekodi ya hiyo solo? Lazima kuna mtu pale mezani aliyeshika simu. Sipendi kumshauri mtu kwa maelezo yake mwenyewe, wanamuziki ni waongo wakijieleza, wa kusifu na wa kulia wote.

AltoYaDonholm
Jumapili, saa 5:10 usiku

Ninayo Dada, rafiki yangu alirekodi. Mwenyewe sijaweza kuisikiliza hadi mwisho. Nimekutumia kisandukuni.

DadaKinanda
Jumatatu, saa 1:45 asubuhi

Nimesikiliza mara tatu nikinywa chai. Nitakuwa mkweli, nawe usikasirike.

Kwanza habari njema: sauti ya saksi yako ni nzuri na hakuna noti hata moja "mbaya". Na ndipo shida ilipo. Hakuna mbaya, lakini hakuna iliyotumwa mahali. Umepiga raundi tatu za vipimo 32 (kila kipimo mapigo manne), yaani vipimo 96, na karibu kila sentensi inaanzia pigo la kwanza. Umenyamaza pale tu pumzi ilipokuisha. Yaani mapafu ndiyo yaliyokupangia solo.

Jambo la pili ni kodi, zile noti zinazopigwa pamoja chini ya melodi. Angalia mwanzo wa wimbo: C maina saba, F saba, B flati meja saba. Wewe ukiona hizo tatu unasema, "Aha, zote ziko ndani ya skeli ya B flati," unaanza kukimbia humo ndani. Kweli ziko ndani. Lakini msikilizaji hasikii skeli, anasikia kitu kinachohama. Kinachohama ni noti ya tatu na ya saba za kila kodi. Chukua B flati, ambayo ni ya saba ya C maina. Ukifika F saba inashuka nusu hatua tu inakuwa A, ya tatu ya F. Halafu E flati: ni ya tatu ya C maina, inabaki palepale ikiwa ya saba ya F, kisha inashuka nusu hatua kuwa D, ambayo ni ya tatu ya B flati. Nusu hatua mbili hizo ndizo zinazobeba wimbo wote. Wewe umepita juu yake kama matatu inayoruka stendi, abiria wanagonga bodi.

Zoezi la wiki hii, na nisikie hulifanyi: wimbo mzima, noti MOJA ndefu kwa kila kipimo. Noti ya tatu au ya saba tu, na ukihama uende kwa iliyo karibu zaidi. Hizo nilizotaja ni za piano, kwa alto majina ya noti hubadilika, ugeuze mwenyewe. Raundi kumi. Utachoka kwa kuchoshwa, si kwa vidole.

Giant Steps iweke kabatini kwanza.

KodiZaNyumba
Jumatatu, saa 2:20 asubuhi

"Mapafu ndiyo yaliyokupangia solo." Mwalimu, hii umempiga bila glavu.

MalengaSouthB
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Nafundisha Kiswahili sekondari, tarumbeta napiga ya kujifurahisha, kwa hiyo nichukulieni kama mpita njia. Lakini maneno ya DadaKinanda nayafundisha kila muhula bila kujua ni ya jazi.

Nikiwapa wanafunzi tarbia, kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na kila nusu inaishia kwenye kina chake. Mwanafunzi mgeni huandika maneno yake, akifika mwisho ndipo anatafuta kina, anaanza kulazimisha. Malenga aliyekomaa hufanya kinyume. Mweke mbele ya watu ajibizane na mwenzake papo hapo, neno la katikati halijui bado, lakini kina anakijua kabla hajafungua kinywa. Maneno ni njia tu ya kufika huko, ndiyo maana hakimbii.

Hizo noti za tatu na za saba ni vina, bwana mdogo. Kipimo ni ukwapi. Wewe mizani ulikuwa nazo tele, vina hakuna.

Nimekutungia hapa katika mapumziko ya chai:

Noti zako nyingi mno, kama mchanga wa pwani,
Zitulize ziwe tano, zikae kwetu moyoni.

AltoYaDonholm
Jumatatu, saa 8:40 mchana

Mwalimu, nimetukanwa kwa mashairi kwa mara ya kwanza maishani. Ahsante. Hiyo ya kina imeniingia kuliko miaka mitatu ya darasa la nadharia.

GitaaKavu
Jumatatu, saa 3:05 usiku

Nyinyi mnageuza muziki kuwa hesabu ya darasa la nane. Ya tatu, ya saba, ukwapi, utao. Wazee wa benga hawakuandika kodi hata moja. Chukua D.O. Misiani na Shirati Jazz (na ndiyo, waliitwa Jazz, enzi hizo bendi nyingi zilijiita Jazz ilhali zinapiga yao). Gitaa la solo linamfuata mwimbaji silabi kwa silabi. Akinyamaza, gitaa linaendelea na yale yale maneno, mpaka wimbo ukifika ile sehemu ya pili ya kukimbiza, gitaa linaongea peke yake na watu wako uwanjani. Nani alimwambia noti ya tatu?

Kijana, choma vitabu. Piga kwa roho.

DadaKinanda
Jumatatu, saa 3:22 usiku

GitaaKavu, ushauri wa "piga kwa roho" ndio umejaza Nairobi wapiga saksi wanaofunga macho. Roho anayo. Alipanda jukwaani saa tano usiku mbele ya wageni, hiyo ni roho. Anachokosa ni mahali pa kutua.

Na huyo mpiga gitaa wa benga unayemsifu, umesema mwenyewe: anafuata silabi. Yaani anajua sentensi inaanzia wapi na inaishia wapi. Umenisaidia hoja.

GitaaKavu
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Nimekusaidia hoja gani? Nimesema sikio. Wewe umesema namba.

MzeeBesi
Jumanne, saa 11:50 alfajiri

Nimeamka mapema kwa ajili ya huu uzi, mke wangu ananicheka.

Nimepiga besi katika hoteli za mji huu na za Pwani tangu miaka ya themanini. Nimesimama nyuma ya wapiga solo wengi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Nyinyi wawili mnagombana juu ya kitu kimoja mkiwa mmeshika ncha mbili, lakini nikilazimishwa kuchagua, nitaegemea kwa GitaaKavu kidogo. Sikio kwanza.

Mwanangu AltoYaDonholm, skeli zote hizo ulizijifunza kwa macho. Ulisoma karatasi, vidole vikatii. Sasa nikuulize: solo nzima ya mtu, mwanzo hadi mwisho, unaweza kuniimbia? Kuimba, si kupiga. Kama huwezi, basi lugha hii hujawahi kuisikia ikizungumzwa, umesoma kamusi tu. Na mtu aliyekariri kamusi nzima ya Kiswahili ukimpeleka Gikomba hawezi kununua shati.

Kulikuwa na mwalimu Marekani, Lennie Tristano, mpiga piano kipofu. Wanafunzi wake, kina Lee Konitz na Warne Marsh, aliwafanya waimbe solo za mpiga saksafoni Lester Young kutoka kwenye sahani za santuri, noti kwa noti, na ule mvuto wake wote, kabla hawajagusa ala. Na Charlie Parker mwenyewe, gwiji wa alto, kabla hajawa Parker, alipanda jukwaani kule Kansas City akiwa kijana mdogo, akapotea njia, mpiga ngoma Jo Jones akamtupia sahani ya ngoma miguuni, ile ya shaba, kumfukuza. Wewe uliangaliwa kwa simu tu, shukuru. Kiangazi cha mwaka 1937 Parker akaenda kupiga muziki milimani huko Ozarks akiwa na rekodi za Lester Young, akarudi mtu mwingine. Baadaye aliwahi kusema katika mahojiano kwamba kwa miaka mitatu au minne alifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku. Sikuambii ufanye hivyo, una mitihani. Nakuambia alianza na nini: na mtu mmoja, kwa sikio.

Kwa hiyo chukua solo moja ya Lester Young, ile ya Lady Be Good ya mwaka 1936. Raundi mbili tu. Usiandike chochote. Isikilize wiki nzima kwenye matatu mpaka ikuchoshe. Kisha iimbe pamoja naye, na pumzi zake, hata pale anapochelewa kidogo nyuma ya pigo uchelewe naye. Ukiweza kuiimba bila rekodi ukiosha vyombo, hapo sasa chukua saksi uzitafute hizo noti.

Na jambo moja kutoka kwetu nyuma. Mpiga besi hasikii skeli zako. Anasikia kama uko ndani ya mapigo au unaning'inia nje ya mlango wa gari. Metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, iweke igonge pigo la pili na la nne, si la kwanza na la tatu. Ukitaka mwendo wa 100 (mapigo 100 kwa dakika) uiweke 50, uanze kuhesabu wewe mwenyewe, yenyewe ikujibu. Ukizoea, igonge mara moja tu kwa kipimo kizima. Mwendo wa 120, metronomu 30. Hapo ndipo utajua kama una saa ndani yako au ulikuwa unaazima ya wengine.

KodiZaNyumba
Jumanne, saa 2:10 asubuhi

Mzee, kwa heshima zote, si ni wewe ulimuuliza huyu kijana habari za funguo?

MzeeBesi
Jumanne, saa 2:25 asubuhi

La. Mimi Alhamisi saa tatu niko kitandani.

GitaaKavu
Jumanne, saa 4:00 asubuhi

Nimeandika "kwa Mzee nimenyoosha mikono" mahali fulani? Kama sijaandika, naandika sasa. Lakini vitabu bado vichomwe.

AltoYaDonholm
Jumanne, saa 4:35 asubuhi

Mzee wangu, heshima zako. Kuna shida moja ya chini kabisa: wapi? Naishi ploti ya ghorofa nne. Nikipiga noti ndefu moja kwa kila kipimo, raundi kumi, mama wa chini anagonga dari kwa fagio. Msimamizi alishaniambia saa moja jioni ndiyo mwisho, na mimi chuo natoka saa kumi na mbili na foleni ya Jogoo Road mnaijua.

MalengaSouthB
Jumanne, saa 7:05 mchana

Mpiga saksafoni Sonny Rollins alikuwa na shida hiyohiyo New York, jirani yake alikuwa mjamzito. Akaacha kabisa kupiga jukwaani kuanzia 1959 hadi 1961, akawa anaenda kufanya mazoezi kwenye daraja la Williamsburg, juu ya mto, mchana na usiku. Sisi hapa daraja tuko nalo, lakini saksi yako haitafika saa mbili usiku bado ni yako.

DadaKinanda
Jumanne, saa 8:50 mchana

Ongea na kanisa lolote lililo karibu. Mimi nilifanya mazoezi miaka miwili katika ukumbi wa kanisa Buruburu, malipo yalikuwa kupiga kinanda Jumapili ibada ya pili. Na si hasara: kwaya ikipandisha kii bila kukuambia, hilo ni somo la jazi tosha.

Halafu kuimba hakuhitaji ukumbi. Wala mazoezi ya vidole bila kupuliza. Nusu ya kazi ni kimya.

AltoYaDonholm
Wiki tatu baadaye, Jumamosi, saa 5:20 asubuhi

Nimerudi. Kanisa nilipata, Donholm hapahapa, nalipa kwa kupiga Jumapili mbili kwa mwezi.

Noti ndefu nilifanya. Siku ya kwanza nilidhani Dada ananichezea. Siku ya nne nikiwa raundi ya sita hivi, nikasikia ile nusu hatua ya B flati kwenda A (kwangu ni G kwenda F shapu), nikasikia mlango ukifunguka. Sijui nieleze vipi. Kodi imegeuka na ni mimi niliyeigeuza, peke yangu, bila piano. Miaka saba sikuwahi.

Lester Young: naweza kuimba raundi zote mbili. Dada yangu mdogo pia anaiimba sasa, bila kupenda. Kwa alto inakaa kii ya E, ambayo huwa naikimbia, vidole vinalia. Kasi ya YouTube niliipunguza hadi 0.75 kwa vipande vitatu tu, kwingine kote sikio lilifika.

Nilichogundua kimenishtua. Jamaa anatumia noti chache mno! Anakaa kwenye noti ya sita kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha nje ya duka, hana haraka. Sentensi yake inaanza katikati ya kipimo na kumalizikia cha tatu, kwa hiyo huoni mishono. Na kuna mahali ananyamaza hadi nikadhani rekodi imekwama.

Sasa shida mpya. Nikipiga mwenyewe nikitafuta vina, navifikia, lakini kati ya kina na kina napiga skeli ileile, na mara nyingi nafika nusu pigo mapema au nimechelewa. Ni kama nashuka ngazi na hesabu za ngazi hazilingani na miguu.

DadaKinanda
Jumamosi, saa 6:40 mchana

HAPO. Sasa ndiyo unauliza swali la mwanafunzi wa juu. Ngazi zako ni saba na mapigo ni manne, nusu zake nane. Saba haiingii katika nane. Ndiyo sababu.

Barry Harris, mpiga piano wa Detroit aliyezaliwa 1929, alifundisha hili kwa miongo mingi New York, hadi uzeeni kabisa, alifariki Desemba 2021. Dawa yake ni kuongeza noti moja ya kupita. Kwenye F saba, ukishuka kuanzia F yenyewe juu ya pigo, weka E katikati ya F na E flati: F, E, E flati, D, C, B flati, A, G, kisha F tena. Hesabu sasa. Juu ya mapigo manne zimeangukia F, E flati, C, A, yaani kodi yenyewe, nzima. Zile za kupita zote ziko katikati ya mapigo. Na unafika F ya chini pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, bila kuchelewa wala kuwahi.

Ndiyo maana Parker akipiga haraka namna ile bado unasikia kodi bila piano. Hakuwa anapiga noti nyingi zaidi yako. Zake zilikuwa zimekaa viti vyao.

Ukianzia noti isiyo ya kodi kanuni inabadilika, kwa mfano ukishuka kutoka G huongezi kitu hadi ufike F ya chini. Ifanye kwa mwendo wa 60 kwanza. Kii moja kwa siku, siyo 12.

MalengaSouthB
Jumamosi, saa 6:58 mchana

Nasi tuna hiyo! Mizani ikipungua, malenga hurefusha neno kidogo likae. Hata jina la hiyo mbinu lipo, mazida. Kina kisibaki kimesimama peke yake njiani.

KodiZaNyumba
Jumamosi, saa 7:15 mchana

Mimi sipigi chochote lakini nimeanza kuogopa huu uzi. Juzi nilisikia saksi kwenye tangazo la redio nikasema "huyu anaanzia pigo la kwanza." Mke wangu akaniangalia.

GitaaKavu
Jumamosi, saa 9:30 alasiri

Niongeze langu la sikio. Mbali na hizo ngazi za Dada, jaribu hili: noti TATU tu, raundi nzima. Usibadilishe noti, badilisha mahali pa kuanzia. Mara pigo la pili, mara nusu ya pili ya pigo la tatu, mara nyamaza kipimo kizima. Mpiga nyatiti ana nyuzi nane tu, na usiku mzima wa matanga hachoshi mtu, kwa sababu huku anaimba, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma kinagonga ubao, njuga ziko mguuni. Mapigo yote anayo yeye. Kijana wa saksi, mguu wako nimeuona kwenye ile rekodi. Ulikuwa hauchezi.

(Ndiyo, Dada alinitumia rekodi. Samahani.)

AltoYaDonholm
Jumamosi, saa 9:41 alasiri

Dada!!

DadaKinanda
Jumamosi, saa 9:50 alasiri

Ilikuwa kwa ajili ya elimu.

AltoYaDonholm
Wiki mbili tena, Ijumaa, saa 6:30 usiku

Natoka Westlands sasa hivi, naandika nikiwa kwa matatu kabla sijasahau.

Nilipanda tena. Wimbo uleule, kii ileile, na mpiga ngoma ni yuleyule wa simu. Raundi ya kwanza nilianza na kimya, vipimo viwili kamili, mpiga piano akanitazama akidhani nimesahau. Kisha nikachukua noti tatu za mwanzo wa melodi nikaanza kuzizungusha. Kipimo cha saba hivi nikatua kwenye ile nusu hatua, na mpiga ngoma akajibu kwa sahani. AKAJIBU. Nikanyamaza kidogo, akasema kitu, nami nikamjibu. Raundi hiyo moja nitaikumbuka.

Raundi ya pili nikafurahi mno, na furaha ikaniharibia. Nikaanza kuonyesha. Skeli zikarudi zote, kama wageni waliosikia nyama inachomwa. Kwenye sehemu ya kati nikapotea kabisa, sikujua tuko kipimo gani. Nikafanya kitu nilichojifunza kwa Mzee: nikaacha kupuliza, nikaimba melodi moyoni hadi nikasikia besi ikirudi G maina, nikaingia tena. Watu hawakugundua, nadhani. Mpiga besi aligundua.

Halafu wakaita wimbo wa kasi, nikashuka mbio. Hiyo sijui mnafanyaje. Mwendo wa 240 mimi mikono inaganda.

MzeeBesi
Ijumaa, saa 12:05 asubuhi

Raundi moja kati ya mbili. Mimi niliwahi kukaa mwaka mzima bila kupata hiyo moja.

Kupotea si aibu. Ulivyofanya ndivyo inavyofanywa: melodi ni kamba, ishike. Konitz aliwafundisha wanafunzi wake waanze kwa melodi yenyewe, kisha waipambe kidogo kidogo, hatua kwa hatua, hadi iwe kitu kipya. Hakuanza na kodi. Wewe ulianza hivyo bila kuambiwa, raundi ya kwanza. Ya pili ukaiacha kamba.

Habari ya kasi. Usihesabu mapigo manne kwa mwendo wa 240, utakufa. Mguu wako uende mara mbili kwa kipimo, au mara moja. Fikiria uko kwenye 120 iliyotulia na noti zako ni ndefu. Wapigaji wote wa kasi unaowaona wametulia usoni, ni kwa sababu ndani yao wanatembea. Na ukifika hapo piga noti chache ZAIDI, si nyingi.

Na ile Giant Steps uliyoweka kabatini ikae tu kwa sasa. Hata Tommy Flanagan, bingwa wa piano, aliirekodi na Coltrane mwaka 1959 na kwenye rekodi ile unasikia solo yake ikikatika katikati. Alirudi kuirekodi mwenyewe mwaka 1982, tulivu kabisa. Miaka 23 hiyo. Wewe una hadi Desemba.

KodiZaNyumba
Ijumaa, saa 2:00 asubuhi

Mpiga ngoma alishika simu au hakushika?

AltoYaDonholm
Ijumaa, saa 2:04 asubuhi

Hakushika. Ilikuwa mfukoni, niliangalia.

GitaaKavu
Ijumaa, saa 3:15 asubuhi

Mimi niko huru Alhamisi ijayo. Naleta gitaa, tupige bluzi ya vipimo 12, mwendo wa kutembea, hakuna mtu wa kukimbizwa. Mzee, njoo basi, utalala Ijumaa.

MzeeBesi
Ijumaa, saa 3:40 asubuhi

Mnitafutie usafiri wa kurudi Rongai, besi haiingii kwa matatu.

DadaKinanda
Ijumaa, saa 3:52 asubuhi

Gari langu lina nafasi, ila viti vya nyuma lazima vilazwe. KodiZaNyumba utasimama.

AltoYaDonholm
Ijumaa, saa 4:10 asubuhi

Kii gani, Mzee? Nianze kuimba leo.

MzeeBesi
Ijumaa, saa 4:30 asubuhi

F. Na usihesabu wewe. Mwache mpiga ngoma ahesabu.